Sisi Watano Tuliogeuzwa Mtu Mmoja

Kwako Ato Fikremariam,
Mkuu wa Kumbukumbu za Wakazi, ofisi ya kata yetu,
Addis Ababa.

Ndugu Mkuu,

Baada ya salamu na heshima zako zote, anayekuandikia ni Enguday Mengesha, msichana ambaye hajaolewa, na aliye hai. Yote hayo ofisi yako inayapinga.

Nimeelezwa kwamba zamani kila mkazi alitawanyika ndani ya kompyuta yako: mstari mmoja wa simu, mwingine wa nyumba, mwingine wa ndoa. Ukataka kila mtu awe na mstari wake mmoja. Jambo jema kabisa. Kazi ukampa mtaalamu wako Surafel, aliyesomea ng'ambo, naye akaandika amri ya SQL, hiyo lugha ya kompyuta, ikusanye mistari yote yenye jina moja la mwisho, na yaliyomo yapangwe pamoja kwa mikato. Huko alikosoma, jina la mwisho ni la ukoo. Hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua kuwa ni jina la baba tu. Katani wako akina Mengesha watano, kila mmoja na mtoto wake, wala hawajuani kwa sura. Watoto wao sasa ni mtu mmoja. Hongereni sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuja kuandikisha ndoa yangu na Sisay Wubshet. Mfungo mkuu ukishaanza hakuna kasisi atakayetufungisha ndoa, na mama yake Sisay amesema hangoji mpaka Pasaka. Karani akasoma kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Hajaolewa, ameoa, amefiwa na mke, ameachika, ameoa. Dada'angu, mbona yote umeshayaonja? Waachie na wenzio!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nililia, nasema kweli.

2. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu hutolewa dumu moja kwa kila mstari. Tunagawana kwa kikombe mlangoni kwa Gashaw Mengesha, mwanajeshi mstaafu, ambaye siku hizi ni mimi. Akiniona huita: "Njoo, mguu wangu wa kushoto, uchukue chako!"

3. Mwenzetu Tilahun Mengesha alifariki, Mungu amrehemu. Surafel akaandika "amefariki" kwenye mstari. Leo asubuhi chama chetu cha kuzikana kimeleta turubai, mabenchi na masufuria uani kwangu. Nimewakaribisha mwenyewe, nikawapikia kahawa. Mwenyekiti, Mama Workinesh, akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, mimi nakuona, lakini kata imesema. Turubai hatulifungi bure. Kaa ulie na wenzio." Nikakaa. Nimeliliwa vizuri, hapo sina neno.

Kwa hiyo naomba amri iandikwe upya, ikusanye kwa jina la mtu, la baba, la babu na tarehe ya kuzaliwa, nasi tutenganishwe kabla ya mfungo. Surafel akishindwa, basi toeni kibali sote wanne tuliobaki tuolewe na Sisay kwa pamoja. Gashaw ameshasema shela havai. Nakusihi, Ato Fikremariam. Nampenda Sisay, na nimemngoja mno.

Nisalimie mkeo, karani mwenye sauti nzuri, na Surafel pamoja na wote waliomo kwenye mstari wake.

Wako mtiifu,
Enguday, Gashaw, Belachew, Yeshi, Tilahun (marehemu) Mengesha

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Sisay ameingia kutoka Adama, alikopigiwa simu kwamba nimekufa. Amekuja na mkokoteni na mpagazi, macho makavu. Hakumpa mtu pole. Amemwinamia Mama Workinesh: "Mama, ile cherehani yake iko chumba gani?" Nami nimekaa hapo hapo ubavuni mwa mama huyo, nimejitanda shuka nyeupe mpaka usoni. Nimejifunua uso, nikamwambia: "Cha mlangoni, baba. Ingia ubebe." Amekimbia, mkokoteni ameuacha.

Basi ndugu yangu, mwambie Surafel asiguse kitu. Naomba tu nakala ya cheti changu cha kifo, yenye muhuri, nimpelekee mama mkwe.