Maswali Kumi na Mawili Kuhusu Gari Ambalo Hatujalinunua

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari ya Kale,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa sawasawa kwenye kiti chako na umeshamaliza chai, maana nisingependa ikupalie. Mimi ni fundi cherehani. Sina gari, sijawahi kuwa na gari, na hadi miaka miwili iliyopita sikujua kwamba gazeti lenu lina ukurasa wa magari. Kwangu lilikuwa karatasi nzuri tu ya kuchorea mitindo kabla ya kukata kitambaa.

Kisha ukaandika ile makala yako: unafikiria kufufua gari la zamani la Kiingereza? Jiulize kwanza maswali haya kumi na mawili. Ukawasihi wasomaji wasikurupuke, wakae chini wafikirie. Nina hakika wengi walifikiria kwa robo saa wakahamia ukurasa wa michezo. Mume wangu hakuhamia popote. Alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu huyo ukimpa fomu, anaijaza. Ameijaza tangu siku hiyo mpaka leo. Kwa heshima zote, basi, naleta malalamiko yangu kwako wewe uliyeianzisha kazi hii.

1. Gari lenyewe liko uani kwa mkunga mstaafu, mtaa wa pili kutoka kwetu, chini ya turubai. Ni la Kiingereza, la mviringo, na rangi yake zamani ilikuwa kijani. Marehemu mume wa mkunga alilipenda mno, na tangu afariki halijawashwa. Siku hizi wanaolitumia ni kuku. Mume wangu huenda kulikagua kila Jumamosi saa tatu asubuhi, shati limechomekewa, kalamu mfukoni, na hurudi saa saba mchana na mayai manne ambayo mkunga humpa kwa kumhurumia. Kwa miaka miwili gari hatujapata, lakini mayai yamenitokea puani.

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha madai yangu. Zamani Jumamosi ilikuwa yangu. Nilikuwa nafunga cherehani mapema, tunakwenda sokoni wawili, tunapita njia ndefu makusudi, naye ananisomea vibao vya maduka kwa sauti kana kwamba mimi sijui kusoma. Naitaka Jumamosi yangu irudi. Mengine yote utakayoyasoma hapa chini ni ushahidi.

2. Swali lako la kwanza lilikuwa: je, unayo nafasi ya kuliweka? Hilo peke yake lilimchukua miezi minne. Alipima uwanja, akachora gari zima chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, na boneti yake na milango yake minne. Tangu hapo ni marufuku kukatiza. Kamba yangu ya kuanikia inapita palipo na kioo cha mbele, kwa hiyo nikianika mashuka naambiwa namziba dereva. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye akili zake timamu, akija kutusalimia huzunguka boneti na kuingia kwa mlango wa nyuma wa kushoto. Mara ya mwisho nilimwona akiufunga.

3. Swali la nne: je, unavyo vifaa? Hapo ndipo tulipogundua kwamba Waingereza wa wakati ule walitengeneza nati zao kwa inchi. Spana zote za Kiraka, makanika wa mtaani kwetu, ni za milimita. Ya kumi na mbili haiingii, ya kumi na tatu inazunguka bure. Kiraka, kwa nia njema kabisa, akashauri ang'oe kila kitu atie injini ya pikapu, akasema, "Mzee, hiyo itakwenda mpaka uombe ushuke." Mume wangu alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Huu mwezi wa tatu hawasalimiani, na mimi ndiye ninayepelekwa kwa Kiraka kuuliza habari za matairi kana kwamba ni za kwangu.

Sasa, katika nyumba yetu nzima kuna kifaa kimoja tu kinachojua inchi, nacho ni tepu yangu ya kupimia nguo. Aliichukua.

4. Hili ni zito, na ningeomba ulisome mara mbili. Pamoja na tepu, alichukua pia daftari langu la vipimo, kwa sababu, alivyoeleza baadaye, lina mistari mizuri. Siku ile nilikuwa napokea kazi ya mwalimu wa kwaya, mteja wangu wa miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimeandika mabega na kifua, mteja mwingine akaingia, nikaliacha daftari wazi. Kesho yake nikakuta ukurasa umekamilika, kwa mwandiko safi wa posta: upana wa nyuma, inchi hamsini na tisa. Hakuandika ni nyuma ya nani.

Ndugu Mhariri, nimeshika mkasi zaidi ya nusu ya maisha yangu. Niliitazama hamsini na tisa ile, nikasema moyoni, mwalimu amenawiri, mwacheni ale. Nikakata. Siku ya kujaribu, gauni lilimpokea mwalimu na likabaki na nafasi ya sauti zote za kwanza. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akaniuliza taratibu, "Hivi wewe mwenzangu huwa unanionaje?" Ningemwambiaje kwamba nimemshonea gari? Siku hizi anashonesha kwingine, na tukikutana njiani ananisalimu kwa kidevu.

5. Lugha ya nyumbani imeharibika. Hatusemi tena "kama". Tunasema "tutakapokuwa nalo". Tutakapokuwa nalo tutamtembelea dada yake. Tutakapokuwa nalo mvua haitatusumbua, ingawa nimelichungulia hilo gari kwa macho yangu na sakafu yake ina tundu ambalo kuku anapita bila kuinama. Nikimwuliza lini, ananijibu kwamba bado anafikiria, na kwamba gazeti limesema tusikurupuke.

6. Maradhi haya yanaambukiza. Wiki iliyopita muuza duka wa jirani alinitania, "Mama, gari lenu limefika wapi?" Nilifungua kinywa ili nimwambie ashike hamsini zake. Badala yake nikajisikia nikimweleza kwamba injini si tatizo, injini ni nzima, kazi iko kwenye kutu ya sakafu upande wa abiria na kwenye mipira ya milango. Nilizungumza dakika kumi. Mayai niliyokuwa nimempelekea auze nikarudi nayo nyumbani. Nani amenifundisha mambo ya mipira ya milango, kama si wewe?

Kwa kuwa mtu mwungwana hulalamika na kupendekeza, naomba gazeti lako lichague moja kati ya haya. Ama litangaze, kwa herufi kubwa, kwamba muda wa kufikiria gari la Kiingereza ni siku thelathini, na anayezidisha achukuliwe hatua. Ama litutumie mwandishi mmoja aje akae hapa amsaidie mume wangu kufikiria, kwa zamu, na mayai atapewa. Likishindwa hayo, liwaandikie Waingereza waje wachukue gari lao, na nati zao, na inchi zao zote, isipokuwa zilizo kwenye tepu yangu. Na yote hayo yakishindikana, ufunge huo ukurasa, nafasi yake ipewe ushonaji. Mimi niko tayari kuandika, na naahidi kutomwuliza msomaji swali lolote.

Nafunga hapa nisije nikakuchosha. Nisalimie wapiga chapa wako, wasahihishaji, mlinzi wa getini na yule anayepanga picha. Msalimie na mkeo, ikiwa naye bado anazo Jumamosi.

Ni mimi, kwa uchungu na adabu,

Fundi cherehani, mke wa Karani

N.B. Barua hii niliiacha juu ya cherehani siku ya Jumanne nikaenda kununua bahasha. Niliporudi, mume wangu alikuwa ameshaisoma. Hakugombana nami. Alisema kwamba kila kilichoandikwa ni kweli na mwandiko unasomeka, akachukua ndoo na ufagio, akaisugua ile chokaa uani mpaka ikatoka. Jumamosi nilipewa yangu, kama nilivyodai. Tulikwenda sokoni na kurudi, akibeba kikapu, na kila nilichomwuliza alijibu ndiyo, mke wangu. Jana aliniuliza leo ni siku gani. Alikuwa hatanii.

Nilifungua faili lake, ambalo kwa miaka miwili sijawahi kuligusa. Maswali kumi na moja yamejibiwa, kila moja na tarehe yake. La kumi na mbili, ambalo mimi sikulisoma kwa sababu makala yako niliikatia kola mara tu yeye alipomaliza kuinakili, linauliza hivi: je, mwenzako wa nyumbani ameridhia? Hapo pameandikwa kwa penseli, pakafutwa, pakaandikwa tena, pakafutwa, mpaka karatasi imekuwa nyembamba. Mwanamume huyu alikuwa anakwenda kumwangalia kuku kila Jumamosi kwa sababu aliogopa kuniuliza neno moja nikamkatalia. Nimelia, sikufichi.

Nimejaza mwenyewe. Nimeandika "Ndiyo" kwa kalamu ya wino, nikaweka sahihi na tarehe, na kwa mkunga nimeshapita kumwambia awatafutie kuku wake mahali pengine. Kwa hiyo madai yangu yote, la kwanza hadi la sita, naomba uyafute. Ila kuna jambo moja nahitaji unijibu haraka. Viti vya gari lile ni vya ngozi, vimepasuka kwenye mishono, na hakuna fundi nitakayemruhusu avishone wakati mimi nipo. Sindano zangu ni za kitambaa. Ni sindano namba ngapi inayopita kwenye ngozi ya zamani bila kuichana?