Spika ya Mlango wa Bi Mwanaasha

Jumapili, 1 Julai 1973

Mwaka huu sibebi viti. Nimeapa! Kila Saba Saba watu wa mtaa wetu hapa Temeke hupewa kazi za heshima. Huyu asome risala, yule apokee wageni, mie Albano nibebe viti. Mie, karani wa ghala bandarini, mwenye kalamu mbili mfukoni! Leo baada ya misa, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kasimiri, katangaza kwamba spika ya tawi la chama imekufa. Atakayeleta spika ya kutosha uwanja mzima atakaa meza kuu, kushoto kwa mwenyekiti.

Spika ninayo! Inchi kumi na mbili, tupu, haina sanduku. Nilibadilishana na baharia kwa kinyago cha shemeji yangu. Shemeji bado anakitafuta. Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa mtu wa meza kuu.

Jumatatu, 2 Julai

Revelian naye kajitokeza. Ni mpangaji mwenzetu, chumba cha mkabala, fundi redio pale sokoni. Mtu wa Bukoba, mpole kupita kiasi. Spika yake kaifungia ndani ya sanduku la chai. Sanduku! Sauti ni kiumbe, inataka kupumua. Yangu naipachika kwenye ubao mtupu, mbele wazi, nyuma wazi.

Ila ubao lazima uwe mpana. Ukiwa mdogo, sauti ya nyuma inazunguka kuimeza ya mbele, na sauti nene inakufa. Nimejaribu kwa kibao cha chapati cha mke wangu. Imelia kama mbu aliyekasirika. Bernadeta kauliza kibao chake kina tundu la nini. Nimemjibu ni la maendeleo. Hajaridhika.

Mbao hakuna mjini. Nimekaa barazani kufikiri, mgongo nimeegemeza mlango wa mbele. Mpana. Mninga mtupu. Mungu hamtupi mja wake!

Jumanne, 3 Julai

Nimempa mwenye nyumba wetu, Bi Mwanaasha, shikamoo mbili. Kisha nimemweleza kwa masikitiko kwamba mlango wake una mchwa, ila asihangaike, nitaupeleka kwa seremala mwenyewe. Kanishukuru! Kaniombea dua, katundika jamvi mlangoni. Roho imeniuma kidogo, mpaka nilipouingiza chumbani kwetu kwa kupitia uani, nikaanza kukata tundu. Duara safi kabisa. Hata mwezi haujapata duara kama lile.

Jumatano, 4 Julai

Adui nimemfahamu: mtetemo. Nimeikaza spika kwa bolti moja kwa moja kwenye mbao, nikafungulia muziki. Mlango mzima umetetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nati zimelegea, moja imerukia kwenye uji wangu.

Nimekata katambuga zangu za tairi, nikaweka vipande vya mpira kati ya chuma na mbao. Nafuu, lakini bado inanguruma. Hapo akili yangu ikafunguka. Kwa nini spika iushike mlango hata kidogo? Nimechukua mchi, nikaulaza juu ya vigoda viwili nyuma ya mlango, nikaifunga spika kwenye mchi kwa kubana sumaku yake na tyubu ya baiskeli. Uso wa spika umekaa tunduni bila kugusa mbao. Pengo lote nimeliziba kwa sufi ya godoro letu. Kimya! Mlango umetulia kama bibi harusi. Nimejipongeza kwa sauti.

Bernadeta kasema kitanda sasa kina bonde. Nimemwambia bonde ni upande wake tu.

Nimekwenda kazini peku.

Alhamisi, 5 Julai

Ushindi! Majaribio mbele ya kamati ya tawi. Sanduku la Revelian limesema kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Kisha mlango wangu. Mzee Kasimiri kafumba macho, kasema anamsikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Kamati imepiga makofi. Jina langu limeandikwa: Albano, meza kuu, kushoto kwa mwenyekiti. Nilitaka kulia. Nimejizuia kwa sababu ya Revelian.

Revelian kanifuata pembeni, kanishauri ning'oe komeo la mlango. Anasema leo betri ilikuwa dhaifu, siku yenyewe litaletwa betri la lori, na komeo lile la chuma litagonga. Wivu huo! Mtu akishindwa huanza kutafuta komeo.

Ijumaa, 6 Julai

Bernadeta kaninyooshea suruali. Nimefanya mazoezi ya kukaa kushoto kwa mtu. Bi Mwanaasha anazunguka uani akitafuta mchi wake, anataka kulala nao sebuleni kwa kuwa nyumba haina mlango na wezi ni wengi. Nimemsaidia kuutafuta kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 7 Julai. SABA SABA

Nimevaa tai na viatu vya misa. Kiti changu nimekiona, kina kitambaa cheupe. Nimekigusa. Mlango umesimama kando ya jukwaa, mzuri ajabu. Nikaunganisha betri la lori, nikaongeza sauti, nikaanza kutembea kuelekea kitini.

Mgeni wa wilaya akasema, ndugu wananchi. Komeo likasema ka-ka-ka-ka.

Watu wakacheka. Nikarudi mbio nyuma ya mlango, nikalishika komeo. Kimya. Nikaliachia. Ka-ka-ka! Nikafunga leso, ikadondoka. Nikatafuta sufi, yote iko tunduni. Kung'oa siwezi, misumari yake imekunjwa tangu enzi za mkoloni. Basi nikalikumbatia. Mkono kwenye komeo, tumbo kwenye mbao, shavu kwenye bawaba. Risala, hotuba, ngonjera, kwaya, hotuba tena. Jasho hadi kwenye soksi. Lakini sauti! Sauti ilikuwa maji ya mtungini. Mgeni wa wilaya kaisifu kwa maneno haya haya: safi sana. Nimeyasikia kwa kifua changu.

Kando ya bawaba nilikuwa nakiona kiti changu. Mwenyekiti hakupenda kiti kiwe wazi mbele ya mgeni. Akaitwa Revelian. Akakalia kitambaa changu cheupe! Akapewa soda! Iliniuma, sitaki kusema uongo hapa. Iliniuma sana.

Pigo la pili. Namba ya nyumba yetu, kwa rangi nyeupe, ilikuwa imetazama umma. Mstari wa mbele walikaa akina mama wa UWT. Katikati yao, Bi Mwanaasha. Hakuondoa macho kwenye mlango wake tangu risala mpaka wimbo wa mwisho. Kisha akaja nyuma, akaniona nimeukumbatia, akauona mchi. Akaniuliza kwa upole kama hawa ndio mchwa wenyewe.

Jumapili, 8 Julai

Mlango umerudi mahali pake. Tundu nimeamriwa kuliziba leo leo. Mbao hakuna mjini, kwa hiyo nimeziba kwa ubao wa sanduku la chai. La Revelian, ndiyo. Kanipa kwa upole wake ule ule. Ubao umeandikwa CHAI, na nimeupigilia maandishi nje. Tayari watu wawili wamepiga hodi wakitaka vikombe.

Mchana nimeitwa kurudisha viti tawini. Kamati imeona kwamba jana sikuonekana nikifanya kazi yoyote.

Sijali. Wataalamu wa Ulaya wanahangaika na mtetemo, wanatumia mpira na madini ya risasi, na mie nimegundua kwamba hakuna kinachoutuliza kama mwili wa binadamu. Kosa lilikuwa moja tu, mlango haukutosha. Nimeyawaza hayo nikiwa na viti sita mabegani, nimesimama mbele ya ofisi ya tawi. Mlango wake una mabawa mawili. Mvule. Bawa moja kwa spika ya kulia, bawa moja kwa ya kushoto.

Nikatua viti, nikaugonga kwa kidole, nikasikiliza. Kisha nikamsogelea Mzee Kasimiri, nikampa shikamoo mbili, nikamweleza kwa masikitiko kwamba mlango wa tawi nauona una mchwa.