Kiti cha Buluu Kando ya Meza

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jana, mpira wa kikapu, Baba Dogo. Aibu tupu. Kware walipewa mitupo ya adhabu. Nimeshamkabidhi mtupaji mpira, ndipo kocha wao, Nasima, akamtuma mchezaji wa akiba aingie. Amechelewa. Kanuni inasema angoje mchezo usimame tena. Nikamruhusu. Nikamtoa. Nikamruhusu tena. Kijana akaniuliza kwa adabu kama aketi au aende nyumbani.

Refa mwenzangu, Mideva, alisimama tu akingoja nimalize. Hiyo ndiyo dharau yake.

Jumapili ni fainali. Mzee Ndirangu, mwenyekiti wa ligi, atachagua refa mkuu: mimi au Mideva. Miaka yote hii napuliza filimbi mitaani, na fainali huwa naitazama nikiwa nje ya uwanja. Mke wangu, Kageha, anasema atakuwa Mideva. Sikuwa nimemuuliza.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa! Kiti.

Kanuni iko wazi. Anayetaka kuingia aende mwenyewe kwenye meza ya alama kabla mpira haujarudi mchezoni. Mtunza saa anapiga honi, refa anapunga mkono, mtu anaingia. Lakini kwetu kila mtu husimama mezani: wa akiba, mashemeji zao, wanaochaji simu. Nani ameomba, nani anapiga soga? Basi, kiti kimoja cha plastiki kando ya meza. Aliyekikalia ameomba. Asiyekikalia hajaomba. Honi ikilia, nakitazama kiti, napunga mkono. Hata sura sihitaji kuitazama.

Mzee Ndirangu akasema nijaribu kwenye nusu fainali, halafu ataamua. Mideva akauliza itakuwaje akikaa mtu mwingine. Nikamjibu kwamba si kila mtu amejaliwa maono.

Alhamisi, 12 Juni

Kiti kimepatikana. Cha buluu. Ni cha Batulo, anayekaanga viazi karai kando ya uwanja wa Ziwani. Alisita, wateja wake wamekizoea. Nikamweleza umuhimu wa jambo hili kwa michezo ya taifa. Akageuza viazi.

"Kiti nakupa, Refa," akasema. "Lakini wateja siwezi kuwaambia wakae wapi."

Sikuelewa. Si muhimu.

Jioni nimefanya mazoezi ya kupunga mkono mbele ya kioo. Kageha akauliza namuaga nani.

Jumamosi, 14 Juni

Nusu fainali, Ziwani na Kware. Robo tatu za kwanza, raha. Kijana anakaa, honi, mkono, ndani. Nilimtazama Mideva ili aone. Alikuwa anatazama mchezo.

Robo ya nne, karibu na mwisho. Ziwani wanaongoza kwa pointi moja. Mpira ukatoka, ukawa wa Kware. Nasima akamtuma Musab, naye akafika mezani mapema, kamba za viatu zimefungwa vizuri. Honi ikalia. Nikakitazama kiti. Kuna fulana nyekundu. Kware huvaa nyekundu. Nikapunga mkono.

Musab akaanza kuingia. Nikamzuia kwa kiganja. Akasema ndiye aliyeomba. Nikasema sikumwona ameketi. Akasema kiti kina mtu.

"Basi huyo ndiye aliyewahi," nikasema, kwa sauti, ili Mzee Ndirangu asikie.

Mwenye fulana nyekundu akamkabidhi mtunza saa sahani yake, akaingia. Mchezaji mmoja wa Kware akatoka mbio kwenda kunywa maji. Mpira ukarushwa, ukamfikia yule aliyeingia. Akautupa kutoka mbali kama mtu anayerusha taka nje ya ua. Ukaingia! Uwanja mzima ukapiga kelele. Mimi nikainua vidole vitatu.

Mideva akapuliza filimbi, akanisogelea polepole.

"Wekulo," akasema, "huyo ana ukwaju wa viazi kidevuni."

Na ndara miguuni. Anaitwa Kiema, hufanya kazi katika kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo. Alikuja kula viazi. Alipoulizwa kwa nini aliingia, akasema refa alimwita, na yeye si mtu wa kubishana na wakubwa.

Kikapu kikafutwa. Musab akaingia, akafunga, Kware wakashinda. Nasima akanifuata baadaye. Nilijiandaa kutukanwa. Alitaka tu kujua kama Kiema ana timu.

Mzee Ndirangu akainuka. Alikibeba kiti mwenyewe, akamrudishia Batulo.

Jumapili, 15 Juni

Fainali. Refa mkuu: Mideva. Mimi: honi.

Dakika za mwisho mchezaji wa akiba akaja mbio, amechelewa, mpira uko tayari mkononi mwa mtupaji. Mideva akainua kiganja. "Subiri." Akasubiri. Basi! Hakuna hata mtu mmoja aliyegundua kwamba jambo lolote limetokea. Huo ndio udhaifu wake, hana mvuto. Mimi jana nilizungumziwa hadi Kware.

Nimefikiri sana. Wazo halikuwa na kosa. Kosa ni kwamba kiti kilikuwa kimoja, na Musab akakosa pa kukaa. Msimu ujao, benchi. Batulo analo, la mbao. Nimeshazungumza naye. Amekubali, mradi wateja wake nao walikalie.

Sioni tatizo. Ni refu.