Bustani Isiyoomba Maji

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Shemeji Ndindi amepiga simu. Wakwe wa binti yake Muthoki wanatoka Makueni Jumamosi na mbuzi watatu wa ntheo. Wakishapokelewa, Muthoki ni mke wa watu. Baba yake, kaka yetu Muoki, alishatutoka, kwa hivyo wa kupokea ni mimi au mdogo wangu Mutie. Ndindi anasema itakuwa kwa yule ambaye mbele ya nyumba yake hapatii aibu. Mutie ana maua huko Kayole. Mimi hapa Mowlem nina vumbi. Lakini mkubwa ni mimi! Nimemwambia kufikia Ijumaa nitakuwa na bustani. Amecheka. Acheke.

Jumanne, 5 Agosti
Mke wangu Kavindu anataka mshubiri kwenye matairi. Eti hausumbui, maji mara moja kwa wiki. Mara moja ni nyingi! Nimemkumbusha kwamba mwaka wa tisini na tatu nilimtengenezea balozi mmoja bustani, na kwa miaka saba hakuna mtu aliyeinua ndoo. Akauliza balozi wa nchi gani. Siri za serikali sizitoi mbele ya sahani ya sukuma wiki.
Mchoro wangu: saruji, futi saba kwa tatu, imeinuka katikati mvua iteremke. Juu vigae vyeupe. Pembeni mawe ya chokaa. Maua ya plastiki kutoka duka la Burale. Hayanyauki, hayaombi kitu.

Alhamisi, 7 Agosti
Imekamilika. Inang'aa! Upande wa juu nimesimamisha kibao. Hoteli kubwa huandika mwaka wa kuanzishwa, nami nimeandika: MUTISYA, 1971 – 2025. Nilianza mimi, ikamalizia bustani. Kavindu ameangalia, akaingia ndani akafunga pazia. Wivu.
Jirani yetu Kawsar amepita, akasimama, akasema polepole, "Inna lillahi." Kiarabu sijui, lakini sifa nikizisikia nazijua. Jioni ameleta chapati kumi, akamshika Kavindu mkono kwa muda mrefu. Maua ya Mutie yamewahi kuleta chapati?
Ndindi amekubali waje kwangu. Aliomba picha, nikakataa. Kazi kama hii haiangaliwi kwenye simu.

Jumamosi, 9 Agosti
Wakwe walifika saa nne. Nilikuwa ndani nafunga tai, nataka nitokee watu wakishatulia, kama waziri. Nikachungulia. Wanaume wamevua kofia. Mzee wao anampa Kavindu pole, anasema wangejua nyumba ina msiba mbichi wangeahirisha. Muthoki analia. Anaona ndoa inarudi Makueni na mbuzi wake.
Nikatoka mbio, nikanyoosha mkono: karibuni, mimi ndiye Mutisya. Mama mmoja akaketi chini palepale. Mzee akasoma kibao, akaniangalia, akasoma tena. Nikamweleza yote: mvua, vigae, hoteli. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Mutisya, nimekubali uko hai. Lakini mbuzi wa binti hawafungwi kaburini, hata kama marehemu ndiye anafungua geti."
Mutie, niliyemwalika kama mgeni tu, akasema kwake si mbali. Wakaenda wote. Hata Kavindu. Mbuzi mmoja alikataa kuondoka, nikajua ana akili. Akavutwa.

Jumapili, 10 Agosti
Ntheo ilikwenda vizuri, nasikia. Muthoki alicheza mpaka kiatu kikakatika. Kavindu amerudi na nyama kwenye karatasi, akaniambia nibomoe kitu hicho kabla hajatoka kanisani.
Kubomoa! Nimekaa mlangoni nikaitazama kwa makini, na kosa nimelipata. Bustani haina shida. Shida ni kwamba iko moja tu, upande wa kulia peke yake, kwa hivyo mtu akiiona anaingiwa na huzuni. Fundi wa kweli hulinganisha pande mbili. Saruji imebaki nusu mfuko, nimeshaikoroga. Ya pili inakaa kushoto, fupi kidogo, vigae vya waridi. Kibao tayari: KAVINDU, 1976 –. Mwaka wa mwisho nitaujaza ikikauka.
Akitoka kanisani ataona vile nampenda.