Kura ya Kuzuia Ziwa

Ndugu wananchi, natangaza kwamba ziwa limesimamishwa. Limesimamishwa kwa kura saba dhidi ya moja, katika kikao halali cha Tume ya Makadirio ya Baadaye, Nakuru. Mwenyekiti ni mimi, Ephantus. Tangazo hili ni halali mpaka libadilishwe rasmi.

Tulikuwa tumetangaza nafasi ya Mtafiti wa Baada ya Uzamivu, Modeli na Takwimu. Tukampata Dkt. Chesang, binti wa Subukia, kwa mkataba wa miezi sita, unaoongezwa mtu akiwa na nidhamu. Niliposikia ni daktari nilimwonyesha goti langu. Akasema hiyo si kazi yake. Hapo nikajua tuna shida.

Alikaa miezi mitano na kompyuta, anailisha vipimo vya mvua na mito. Kisha akaleta ramani kwa gesti yangu kando ya ziwa, maana Tume hukutana kwa dining yangu.

"Mwenyekiti, maji yatafika hapa kabla ya Aprili."

"Hapa wapi?"

"Hapa tumekaa. Mpaka kwa dirisha."

"Daktari, hapa ndio naishi. Kuna mtu amekutuma?"

"Ni data, mzee."

"Basi data ipigiwe kura."

Mikono saba ikapanda, mitatu ikiwa tayari na mafuta ya mbuzi. Chesang peke yake akapinga. Sally, katibu wetu, akaandika: ploti ya mwenyekiti ni kavu. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, nakala ikaenda ofisi ya majanga. Mkataba wa Chesang hatukuongeza. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Sawa, mzee," akasema akifunga laptop. "Lakini hamisha godoro."

Akaenda Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini, kwa watu ambao wanataka kujua mvuke uko wapi kweli.

Machi, ziwa likaingia na mlango wa jikoni. Nikapigia ofisi ya majanga, naomba mashua.

"Mzee, rekodi inasema hapo ni kavu," kijana akaniambia. "Hatutumi mashua mahali pakavu. Na hii sahihi ni yako."

Nikampigia Chesang. Nilimbembeleza, sifichi.

"Daktari wangu, badilisha hayo matokeo."

"Yangu hayajabadilika, mwenyekiti. Yenu ndio yanataka kura."

Ni ukweli. Kanuni ya tisa, niliyoandika mwenyewe, inasema matokeo hubadilishwa na wajumbe watano, kwenye meza ile ile yalipopitishwa. Sally amewaita wote. Wote wametuma udhuru, eti barabara imejaa maji.

Kwa hivyo niko juu ya meza na muhuri wangu. Naogopa, nasema ukweli. Kikao kilifunguliwa saa tisa, kwa maombi marefu. Waliohudhuria ni mimi na kiboko mmoja hapo mlangoni, na yeye hajasema anaunga mkono upande gani.