Kamati ya Kuhamisha Hazina ya Programu

Kwa wananchi wote wa Mkoa wa Tanganyika, walio majumbani mwao na walio chini ya turubai: inatangazwa kwamba hazina ya programu ya Ofisi yetu itahama. Itahama kwa heshima, kwa utaratibu na chini ya ulinzi. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Hippolyte, Mkuu wa Biro ya Kompyuta katika Ofisi ya Orodha ya Waliokimbia, Kalemie, mashariki ya Kongo, mwezi wa tano mwaka 2017. Lilibandikwa sokoni, bandarini na kwenye kituo cha reli. Wananchi walikuwa watulivu kweli, maana hakuna aliyejua ni kitu gani kinahama. Mimi mwenyewe nilijua kwa mbali.

Nieleze. Wakati ule vijiji vilikuwa vinachomwa upande wa Nyunzu, na watu walikuwa wanaingia mjini kwa miguu, maelfu kwa maelfu. Wengi walipotezana njiani. Ofisi yetu ilikuwa na programu ya kuwatafuta: unaandika jina la ndugu yako, inakuonyesha yuko kambi gani. Aliyeiandika ni Noëlla, binti wa mfanyakazi wa reli, ambaye alikuwa msaidizi wangu kwa maana kwamba yeye alifanya kazi na mimi nikasaidiwa. Mafaili yote ya programu hiyo yalitunzwa kwenye mtandao na kampuni moja ya nje, pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko: nani kalifanya, siku gani, kwa sababu gani. Hiyo ndiyo hazina.

Mkurugenzi wetu aliambiwa na shemeji yake kwamba kampuni ile haiaminiki wakati wa vita. Akaamuru tuhamie kampuni nyingine, ya nje vilevile, ambayo ukurasa wake ulikuwa wa buluu kama bendera yetu. Hoja hiyo ilinishinda kuipinga. Kusema kweli sikujaribu.

Nikamwita Noëlla nikamwuliza kazi hiyo ni ya muda gani.

"Hii njo kazi ya dakika kumi, Papa Chef. Na chai ndani yake."

Nilimwonea huruma. Kijana aliyesoma Lubumbashi hajui kwamba kitu cha serikali hakihami kwa dakika kumi. Hata kiti kibovu, kikitoka biro ya kwanza kwenda biro ya tatu, hufanyiwa remizi-reprizi: anayekabidhi yupo, anayepokea yupo, mashahidi wapo, na kila kitu hutajwa kwa sauti, kimoja kimoja, ndipo saini zimiminike. Nikaunda kamati. Nikawa mwenyekiti wake. Kwa kuwa kampuni ya zamani haikutuma mjumbe, niliteuliwa kukabidhi kwa niaba yake. Na kwa kuwa ile mpya nayo haikutuma, niliteuliwa pia kupokea. Katibu alikuwa Papa Mahmoudi, mtu wa protokoli, kanzu nyeupe siku zote, sauti ya kusomea mirathi.

Kifungu cha kwanza tulichopitisha kilisema kwamba mpaka uhamisho ukamilike, hakuna atakayegusa hata herufi moja ya programu. Nywila zote, za hazina na za orodha yenyewe, zikabadilishwa, zikaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikapigwa lakiri na kufungiwa kwenye kabati la Mkurugenzi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona kama mtu aliyeokoa daraja.

Kesho yake akaja Mama Bertille.

Alikuwa ametoka Nyunzu, amepewa turubai kwenye kambi ya barabara ya uwanja wa ndege. Alikuwa anamtafuta binti yake Carine, wa miaka tisa, waliyeachana naye usiku risasi zilipolia. Tuliandika jina kwenye programu. Programu ikajibu kwamba hayupo. Tukaandika tena kwa adabu zaidi. Hayupo.

"Sasa njo kusema amekufa?" akauliza Mama Bertille.

"Mama, programu haisemi hivyo. Inasema hakuna taarifa."

Noëlla alinivuta pembeni. "Papa Chef, kuna mustari mumoja ndani ya programu uko unaficha watoto wote. Niliuona jana, mulipokuwa munafunga bahasha. Unipe bahasha, niutoe, ni kitu ya dakika moja."

"Programu imesimamishwa kisheria."

"Nikuambie ni nani aliuandika?"

"Usinitajie majina," nilisema kwa ukali. "Mkosaji atajulikana kwenye kamati, na hatua zitachukuliwa."

Alinitazama usoni. Halafu akasema, "Ndiyo, Papa Chef," akaenda kuchemsha maji.

Nilijisifu kwa msimamo wangu. Mama Bertille hakuondoka. Alikaa uani chini ya dirisha letu, na siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Wengine wakaanza kuja naye, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na mtoto wake asiyeonekana. Nilimwagiza Papa Mahmoudi awaandikie daftari la mahudhurio, ili wasije wakasema serikali haiwajali.

Kamati ilijadili mambo mazito. Tulijadili kama hazina ipitie Kigoma au Lubumbashi. Tulijadili kama ihame mchana, maana barabara ya Nyunzu ilikuwa na watu wenye mishale. Noëlla alisema haipiti barabara yoyote. Tukaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba fundi amethibitisha njia iko salama. Mwezi ukaisha. Siku moja Mama Bertille aliniamkia nilipokuwa napita, akaniuliza kama nina watoto. Nilimjibu kwamba ninao wanne. Akasema, "Mungu akulindie." Nilienda mezani kwangu nikashindwa kunywa chai, lakini kamati iliendelea.

Siku ya arobaini na tatu, remizi-reprizi ikafanyika. Ukumbi ulifagiliwa, madirisha yakafunguliwa kwa sababu ya joto. Mkurugenzi alikaa mbele na tai. Kumbukumbu yote ya mabadiliko ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi, mabadiliko mia sita na kumi na mawili, na kwa mujibu wa desturi yalipaswa kusomwa yote kwa sauti. Papa Mahmoudi akavaa miwani.

"Badiliko la kwanza. Limefanywa na Noëlla. Sababu: kuanza. Badiliko la pili. Limefanywa na Noëlla. Sababu: kurekebisha tarehe."

Hivyo hivyo kwa saa tatu. Noëlla, Noëlla, Noëlla. Mkurugenzi alisinzia, akaamka, akaninong'oneza, "Wewe uko wapi humu?" Nikamwambia kwamba kazi ya uongozi haionekani kwa macho.

"Badiliko la mia tatu themanini na nane," akasoma Papa Mahmoudi, bila kupandisha wala kushusha sauti. "Limefanywa na Hippolyte, Mkuu wa Biro. Kuanzia leo asionyeshwe mtu yeyote asiye na namba ya kadi ya mpiga kura. Sababu: nidhamu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Noëlla alikuwa amekwenda matanga ya shangazi yake. Nilikaa kwenye kompyuta yake, nikanakili mstari wa jirani, nikabadilisha maneno mawili, na programu haikulipuka. Nilifurahi sana siku ile. Niliwanunulia watu soda.

Mkurugenzi akanigeukia. Kisha sauti ya Mama Bertille ikatoka dirishani, wala haikuwa ya hasira.

"Mutoto wangu ni wa miaka tisa. Carte ya kupiga kura angeipata wapi?"

Mkurugenzi alipendekeza twende mapumziko. Hakuna aliyesimama. Nilisema kwamba suala hili ni la kiufundi na litaundiwa kamati ndogo.

"Kifungu cha tisa," akasema Papa Mahmoudi, na akafunua karatasi zake. "Kosa likitambuliwa wakati wa makabidhiano, aliyelifanya atalirekebisha papo hapo, yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kifungu hiki kililetwa na mwenyekiti."

Nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya Noëlla.

Bahasha ikaletwa, lakiri ikavunjwa. Noëlla alifungua programu, akanisogezea kiti. Uani watu walisimama, vichwa vikajaa kwenye madirisha yote. Nilitafuta mstari wangu, sikuuona. Akanionyesha kwa kidole.

"Bonyeza kufuta, Papa Chef."

Nikabonyeza. Ikafutika herufi moja.

"Tena. Tena. Mpaka uishe."

Nilifuta maneno yangu herufi kwa herufi, jasho likinitiririka, watu mia wakinitazama kidole. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilipoanguka mbele ya gavana. Ulipoisha, kompyuta ikadai sababu ya badiliko. Nikaandika: *Maboresho ya kiufundi*.

Papa Mahmoudi akaisoma kwa sauti. Mama Bertille akatikisa kichwa. "Aandike kweli."

Nikafuta. Nikaandika: *Niliwaficha watoto. Hippolyte.*

Noëlla akaandika jina la Carine. Alikuwa kambi ya ng'ambo ya mto Lukuga, turubai la sabini na mbili, kwa mama mmoja aliyemwokota njiani. Ameandikishwa siku ileile aliyoandikishwa mama yake. Ukitoka kambi moja kwenda nyingine, unavuka daraja, ni mwendo wa saa moja kwa miguu.

Mama Bertille hakupiga kelele. Alitoka mbio, na mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa amesimama kusikiliza akamwita apande. Nyuma yake watu wakaanza kutaja majina, wote kwa pamoja, na Noëlla akawa anaandika na kulia. Jioni, kabla ya kufunga, aliihamisha hazina. Nilitazama saa. Dakika saba.

Nilimwuliza kama badiliko la mia tatu themanini na nane lingeweza kufutwa kwenye kumbukumbu. Alisema hapana. Tulikuwa tumemwamuru ahamishe kila kitu bila kuacha nyuma hata alama, na kila atakayechukua nakala ya programu, popote duniani, atalikuta pamoja na jina langu.

Basi ningeishia hapo, lakini kulikuwa na tatizo la kisheria. Mama Bertille alikuwa ameandikwa shahidi wa kwanza wa uani, naye aliondoka bila kusaini. Bila saini hiyo hazina haijahama. Mkurugenzi alinituma mimi, peke yangu, na daftari, nivuke Lukuga, kwa maana Mama alikuwa amehamia huko alikomkuta mtoto.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya turubai, anamsuka Carine. Mtoto alikuwa amekonda, anakula muhogo wa kuchoma. Nikaamkia, nikafungua daftari, nikatoa kalamu, nikaeleza uzito wa jambo.

"Nimesikia, Papa," akasema Mama Bertille bila kuinua macho. "Ungoje kidogo. Niko na kazi."

"Huyu ni nani?" akauliza Carine.

"Ni papa mumoja wa biro. Anangoja."

Nikatafuta mahali pa kukaa, nikakaa chini. Alikuwa amemaliza upande mmoja tu wa kichwa.