Saa ya Bwana Nidhamu

Jumatatu, 3 Machi

Nyota yangu ya jaha imewaka! Mhariri wa gazeti amepiga simu. Anatafuta mtu wa kuandika safu ya kila wiki, na tumebaki wawili: mimi na Bwana Nidhamu, jirani wa mlango wa pili. Kila mmoja apeleke makala moja Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Mada: jinsi ya kuacha kuahirisha mambo. Mada hiyo naijua nje ndani.

Nikipata safu hii, mama mkwe ataacha kuwaambia wageni kwamba mimi nipo nipo tu.

Nimekaa kuandika. Meza inayumba. Nani anaandika kwenye meza inayoyumba? Nimekata mguu mmoja kidogo. Ikayumba upande wa pili. Hadi jioni nimepata meza imara kabisa, ila inabidi nikae sakafuni. Kuandika nitaanza kesho.

Jumanne, 4 Machi

Mpango mpya: kujifungia! Nimempa mke wangu simu na ufunguo wa chumba, nikamwambia asinifungulie hata nikilia. Akakubali. Kabla sijakaa, akanipitishia pasi mbovu dirishani. Akasema ni ya kuangalia tu nikichoka. Nikachoka papo hapo.

Baadaye nimemsikia akimwambia mama yake, bila hata kupunguza sauti, kwamba wiki ya makala ndiyo wiki ya matengenezo humu ndani. Bomba, kitasa, bawaba za kabati, vyote hupona wiki hiyo. Mama mkwe akauliza makala inatakiwa lini, maana feni yake nayo inakohoa.

Nimeumia moyo sana. Kisha nikaomba hiyo feni.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Nidhamu amebisha hodi. Huyu ndiye anayejigamba kwamba akiandika hufungia simu kabatini, hushusha mapazia, na hutegemea saa ya ukutani tu. Leo alikuwa ameikumbatia saa yenyewe. Imesimama. Akasema fundi kama mimi haonekani mtaa mzima, huku anachekea pembeni.

Mtego mchana kweupe! Anataka nipoteze siku. Mimi si mtoto mdogo. Nimeipokea saa.

Nimeifungua, nimeisafisha, nimeifunga. Inatembea! Skrubu mbili zimebaki. Walioiunda hawakuwa wachoyo, wameweka za ziada.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika neno. Jiko lilihitaji rangi.

Leo nimemwomba mke wangu kitu chochote cha kutengeneza. Akasema vimekwisha, hata mfuniko uliolegea hakuna. Nikazunguka nyumba nzima nikitikisa viti. Vyote imara! Nimejikomoa mwenyewe.

Sikuwa na pa kukimbilia. Baada ya chakula cha mchana nimeandika mbio mbio, jasho linanitiririka, vidole vina rangi ya jikoni. Nilichoandika sikikumbuki. Nimetuma, na hapo hapo redio ikatangaza saa kumi. Nimelala chali sakafuni.

Nyuma ya ukuta nikamsikia Bwana Nidhamu bado anachapa makala yake, anapiga mluzi, hana wasiwasi wowote. Nikaogopa. Mtu haringi hivyo bure.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata! Nimeipata! Mhariri amesema makala yangu imejaa makosa ya herufi, lakini imewahi. Ya Bwana Nidhamu ni nzuri mno, ila iliingia baada ya ukurasa kufungwa. Mama mkwe amewaambia wageni kwamba baba huyu ni mwandishi wa gazeti. Baba huyu ni mimi! Nimekwenda bafuni nikalia kidogo.

Jioni Bwana Nidhamu amekuja, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Analalamika kwamba saa niliyomtengenezea ilichelewa, nayo ndiyo iliyomponza. Visingizio! Mimi nimeshinda kwa kujituma. Hata hivyo nimemhurumia. Nimemwambia ailete niitazame tena.

Alhamisi, 13 Machi

Makala ya kwanza ya safu yangu inatakiwa leo, saa kumi jioni. Mada ni ile ile, sehemu ya pili. Mke wangu ameshanunua rangi ya sebule. Nimemwambia asahau, mume wake amebadilika.

Asubuhi yote nimeshughulikia saa ya Bwana Nidhamu. Safari hii zimebaki skrubu tano, yaani kazi imekuwa safi zaidi. Nimeitundika mbele ya meza yangu ili niijaribu.

Mhariri anapiga simu. Anapiga tena. Nimeifungia simu kabatini, kama wafanyavyo waandishi wenye nidhamu. Ana haraka gani? Saa inaonyesha saa nane bado haijafika. Muda upo tele. Ngoja nipake ukuta mmoja wa sebule, halafu nianze.

Nje giza limeanza kuingia. Bila shaka ni mvua.